Solo ya gitaa katika mapigo witiri: jinsi ya kuijenga 7/8, 5/4 na kuendelea

Mpiga gitaa aliyekulia kwenye 4/4 akijaribu solo ya roki ya progresivu kwa mara ya kwanza, kosa lake huwa lilelile. Vidole viko sawa, noti ni za skeli inayotakiwa, sauti inapendeza, lakini kila baada ya vipimo viwili vitatu anajikuta yuko nyuma ya ngoma kwa nusu pigo. Kwenye kipimo cha mapigo saba mafupi, ameongeza la nane bila kujua. Mwili umezoea nne. Kifungu kikiisha mapema unajaza pengo wenyewe, hasa pale penye noti ndefu.

Kasi ya vidole haitibu hilo. Dawa ni kuyasikia mafungu ya 2 na 3 (yaani ya mapigo mawili na ya mapigo matatu) yaliyomo ndani ya kipimo, halafu kuupanga mkono wa piki na vidole vya freti vifuate mafungu hayohayo. Mwongozo huu unakwenda kwa utaratibu huo, na unachukulia kwamba pentatoniki (skeli ya noti tano) unaijua na thumni za 4/4 unazipiga safi kwa kasi ya wastani.

Tukubaliane maneno kabla ya kuanza. Kipimo ni kipande cha muziki kati ya mstari mmoja wa wima na mwingine kwenye karatasi ya noti. Robo ni pigo la kawaida la mguu, na thumni ni nusu ya robo. 7/8 ni kipimo chenye thumni saba. 7/4 ni kipimo chenye robo saba. Nyuzi zinahesabiwa kuanzia ile nyembamba: uzi wa 1 ni E ya juu, uzi wa 6 ni E ya chini.

Mafungu kabla ya gitaa

Hakuna anayehesabu mpaka saba huku akipiga solo nzuri. Maneno ya namba ni marefu mno kasi ikipanda, na pia hayakuambii uzito uko wapi. 7/8 kwa kawaida hugawanywa kwa njia tatu: 2+2+3, 3+2+2, au 2+3+2. Hesabu ni ileile, lakini mtikisiko ni tofauti kabisa, na solo inayokaa vizuri juu ya 2+2+3 inaweza kukwaruzana vibaya na ngoma zinazopiga 3+2+2. Kwa hiyo kabla ya kuwasha amplifaya, sikiliza besi na ngoma kubwa ujue fungu la 3 liko wapi. Hilo ndilo swali la kwanza kwa kila wimbo.

Wapiga ngoma wa India Kusini wana njia ya kuhesabu kwa mdomo inayofaa sana hapa: fungu la 2 linatamkwa ta-ka, fungu la 3 ta-ki-ta. Weka metronomu ilie kwenye kila thumni, milio 160 kwa dakika, kisha tamka:

TA-ka TA-ka TA-ki-ta

Piga kofi kwenye kila TA. Endelea dakika mbili bila kukatika, halafu hamia 3+2+2 bila kusimama: TA-ki-ta TA-ka TA-ka. Kosa la kuchunga hapa ni kulibana fungu la 3 liingie kwenye urefu wa fungu la 2, yaani kugeuza thumni tatu kuwa tripleti. Ukifanya hivyo kipimo kinabaki na thumni sita, na umeangukia 3/4. Ndiyo maana mwanzoni metronomu inalia kila thumni: silabi zote saba lazima ziwe na urefu mmoja, kila moja juu ya mlio wake.

Makofi yakitulia, anza kuinyang'anya metronomu kazi yake. Kwanza ilie kwenye vichwa vya mafungu tu, kama programu yako inaruhusu. Kisha ilie kwenye pigo la kwanza la kipimo pekee: iweke 30 kwa dakika, na thumni zako zitakuwa 210 kwa dakika, kwa sababu 30 mara 7 ni 210. Zoezi la tatu ndilo gumu na ndilo lenye faida kubwa zaidi. Weka metronomu kwenye robo, tuseme 80, na utamke 7/8 juu yake. Mlio utaangukia thumni ya 1, 3, 5 na 7 katika kipimo cha kwanza, kisha 2, 4 na 6 katika cha pili, halafu unarudi kwenye 1. Vipimo viwili vya 7/8 ni robo saba kamili, ndiyo sababu inafunga. Ukiweza kutamka mafungu bila kuyumba huku mlio ukikupinga kipimo cha pili, mpiga ngoma yeyote hatakutoa njiani.

Mguu je? Katika 7/4 piga mguu kila robo, hakuna shida. Katika 7/8 una njia mbili: mguu ushuke kwenye vichwa vya mafungu (mfupi, mfupi, mrefu), au uende robo sawasawa na kukutana na pigo la 1 kila baada ya vipimo viwili. Anza na ya kwanza. Ya pili itakuja yenyewe baada ya lile zoezi la metronomu.

Rifu ya kufanyia kazi

Solo haielei hewani. Rekodi rifu hii (kifungu kifupi kinachorudiwa) kwa dakika tano mfululizo, uitumie kama msingi. Ni 2+2+3 katika E ndogo (E minor):

uzi wa 6 wazi, uzi wa 6 wazi | uzi wa 6 freti 3, uzi wa 6 wazi | uzi wa 5 wazi, uzi wa 5 freti 2, uzi wa 5 freti 5

Yaani E E | G E | A B D. Mafungu mawili ya kwanza yazibe kwa kiganja karibu na daraja la gitaa. Fungu la 3 liache lilie wazi. Tofauti hiyo ya sauti ndiyo itakayokuonyesha uko wapi utakapokuwa juu ukipiga solo. Usirekodi solo yoyote juu ya rifu usiyoweza kuipiga mwenyewe huku unaongea.

Mkono wa piki unavyokusaliti

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua sababu. Ukipiga thumni kwa kubadilisha chini na juu, noti saba zinakwenda chini-juu-chini-juu-chini-juu-chini. Kipimo kinachofuata kinaanza na juu. Kila kitu kimepinduka: noti nzito sasa inapigwa kwa mkono unaopanda, ambao kwa watu wengi ni dhaifu zaidi. Kipimo cha tatu mambo yanarudi sawa. Matokeo yake pigo la 1 linasikika kubwa, dogo, kubwa, dogo, na msikilizaji anasikia kipimo kirefu cha 14 badala ya viwili vya 7.

Kuna njia tatu za kutoka. Ya kwanza ni kukubali kupinduka na kuuzoeza mkono uweke uzito sawa kwenye juu na chini. Ni kazi ndefu, lakini kwa kasi kubwa yenye noti nyingi haina mbadala. Ya pili ni kupiga chini mara mbili mfululizo, noti ya saba na noti ya kwanza ya kipimo kinachofuata. Kwa rifu nzito ni tamu. Kwa solo ya haraka mkono unakakamaa, na kadiri unavyokakamaa ndivyo unavyochelewa.

Ya tatu ndiyo tunayoipendekeza kwa solo: acha noti moja ya fungu la 3 bila piki. Piga ya kwanza, gonga ya pili kwa kidole cha freti, piga ya tatu. Sasa noti ni saba lakini piki imegusa uzi mara sita tu: chini-juu, chini-juu, chini-(gonga)-juu, na kipimo kinachofuata kinaanza na chini. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka: kipimo kikiwa na noti witiri, noti usizozipiga kwa piki nazo ziwe witiri. Katika 11/8 ya 3+3+3+2, gonga noti moja, au gonga moja katika kila fungu la 3. Ukigonga mbili tu, umerudi kwenye tatizo.

Vidole navyo vipangwe kwa mafungu. Mtindo wa noti tatu kwa kila uzi, unaopendwa kwa kasi yake, una tabia ya kuweka mkazo kila unapohama uzi, na mkazo huo hauafikiani na 2+2+3. Jaribu mpangilio huu:

uzi wa 4: freti 12, 14 | uzi wa 3: freti 12, 14 | uzi wa 2: freti 12, 14, 15 | kisha uzi wa 1: freti 12

Hizo ni D E, G A, B C# D, na E inatua juu ya pigo la 1. Kila fungu lina uzi wake, kwa hiyo kuhama uzi kwenyewe ndiko kunakoweka mkazo. Kwenye uzi wa 2 piga freti 12, gonga 14, piga 15. C# inaingiza ladha ya skeli ya Doria (Dorian), ambayo roki ya progresivu inaipenda sana.

Kushuka kwake: uzi wa 1 freti 15, 12 | uzi wa 2 freti 15, 12 | uzi wa 3 freti 14, 12, 11 | uzi wa 4 freti 14. Yaani G E, D B, A G F#, na E. Kwenye uzi wa 3 shusha mkono freti moja: kidole kidogo kwenye 14, cha kati kwenye 12, cha shahada kwenye 11. Usiposhusha mkono mapema, F# itachelewa, na ikichelewa hiyo E ya pigo la 1 inachelewa pia. Piga 14, ng'oa kidole ili 12 ilie, piga 11. Anza na thumni 140 kwa dakika, upande kwa 10 kila unapopiga vipimo nane bila kosa.

Kuijenga solo

Usianze na noti nyingi. Juu ya ile rifu, piga noti moja kwa kila kipimo, kwenye pigo la 1, dakika nzima. B, halafu G, halafu E. Inachosha, lakini ndiyo inayofundisha sikio urefu halisi wa kipimo. Kisha piga noti tatu kwa kipimo, moja kwenye kila kichwa cha fungu: robo, robo, robo na nusu yake. Hapo tayari una muziki. Baada ya hapo jaza fungu la 3 tu, ukiacha mafungu ya 2 yakiwa na noti moja moja. Halafu geuza, jaza ya 2 na uache la 3 likilia.

Hatua inayofuata inabadilisha kila kitu: nyamaza kwenye pigo la 1. Anza kifungu chako kwenye thumni ya 2, au lianze fungu la 3 na uvuke mstari kuingia kipimo kinachofuata. Solo ambayo kila kifungu kinaanzia pigo la 1 na kuishia la 7 inasikika kama mtu anayesoma orodha. Wanaosikika kana kwamba mapigo saba ni ya kawaida kwao huwa wanalitumia fungu la 3 kama ngazi ya kupandia pigo la 1, na pumzi wanaivuta ndani ya mafungu ya 2. Tabia hiyo pia inalinda dhidi ya lile kosa la pigo la nane, kwa sababu mwisho wa kipimo una noti fupi zinazokusukuma mbele, hauna noti ndefu ya kurefuka.

Kama una vifungu vya 4/4 unavyovipenda, vipunguze thumni moja. Usikate mwanzo wake, kwani ndio unaotambulika. Kata ndani ya noti ndefu, au ondoa noti ya kupita karibu na mwisho.

Kisha kuna kuvuka mapigo kwa makusudi. Chukua noti nne: uzi wa 1 freti 15, 12, uzi wa 2 freti 15, 12. Zirudie bila kujali kipimo. Juu ya 7/8, kundi la nne likirudiwa mara 7 linajaza thumni 28, yaani vipimo vinne kamili. Vichwa vya kundi vinaangukia 1 na 5 katika kipimo cha kwanza, 2 na 6 katika cha pili, 3 na 7 katika cha tatu, na 4 peke yake katika cha nne. Halafu vyote vinakutana kwenye pigo la 1 la kipimo cha tano. Tua hapo kwa E ndefu, uzi wa 1 freti 12. Kundi la noti tatu linafunga mapema zaidi, mara 7 kwa vipimo vitatu. Mshindo wa kutua unatokana na mvutano uliotangulia, kwa hiyo fanya hivi mara moja katika solo, mbili zikizidi.

Kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) zikibadilika, lenga noti inayotambulisha kodi mpya. Rifu ikihama kutoka E ndogo kwenda A kubwa (A major), D ya uzi wa 2 freti 15 inashuka freti moja tu kuwa C#, ambayo ndiyo noti inayoifanya A iwe kubwa. Ipige hiyo D mwishoni mwa fungu la 3 na C# juu ya pigo la 1: hatua moja ya kidole, na msikilizaji anajua kipimo kipya kimeanza hata kama hajui kuhesabu.

Kuvuta uzi ndani ya wakati

Kuvuta uzi kuna urefu wake, na katika 7/8 urefu huo lazima uamuliwe. Chukua A, uzi wa 3 freti 14. Anza kuvuta kwenye thumni ya 5, ifikie B kamili kwenye thumni ya 6, ishikilie thumni ya 7, kisha tua E ya uzi wa 1 kwenye pigo la 1. Wengi wanavuta taratibu kadiri hisia inavyowatuma, B inafika thumni ya 7, halafu wanataka kuifaidi kidogo. Pigo la nane hilo limeingia. Mtetemo nao uhesabiwe: mawimbi matatu juu ya fungu la 3, mawili juu ya fungu la 2. Kwa noti ndefu tofauti inasikika mara moja. Sauti inatulia ndani ya ngoma.

Distoshen na mwangwi

Punguza distoshen, ule mkwaruzo wa sauti, unapojifunza. Distoshen kubwa inabana sauti, noti nzito na nyepesi zinatoka na ukubwa mmoja, na mikazo ya mafungu inapotea. Kama mafungu hayasikiki kwa sauti safi, hayatasikika kabisa kwa sauti chafu.

Mwangwi wa dilei unahitaji hesabu. Gawanya 60,000 kwa idadi ya robo kwa dakika upate milisekunde za robo moja. Kwa robo 120, robo ni 500, thumni ni 250, na kipimo kizima cha 7/8 ni 1,750. Ukiweka 500, noti ya pigo la 1 itarudi kwenye 3, 5 na 7, kisha ivuke kwenye 2 ya kipimo kinachofuata na kuyapinga mafungu. Ni nzuri ukiikusudia. Kwa usalama weka 250, irudi mara moja au mbili kwa sauti ya chini. Kama kifaa chako kinafika 1,750, jaribu kupiga kifungu kipimo kimoja na kukijibu kipimo kinachofuata: mwangwi unarudi chini ya jibu lako, mahali palepale pa mafungu.

Tano, na vipimo vilivyochanganywa

5/4 ni rahisi zaidi kwa mwili lakini ina mtego wake: tano inapenda kuwa sita. Ihesabu 3+2 kwa robo, na uweke noti inayosikika wazi kwenye robo ya 4, kichwa cha fungu la 2. Bila nanga hiyo fungu la mwisho linarefuka.

Mfano mzuri wa kutengeneza mdundo wa tano uko mwanzoni mwa YYZ, wimbo wa bendi ya Rush wa mwaka 1981. Mdundo wake ni herufi hizo tatu katika alama za Morse, ambazo ni utambulisho wa uwanja wa ndege wa Toronto. Mstari ukiwa thumni moja na nukta nusu yake, Y (mstari, nukta, mstari, mstari) ina nusu-thumni 7, Y ya pili 7, na Z (mstari, mstari, nukta, nukta) ina 6. Jumla ni 20, yaani thumni 10, kipimo kimoja cha 5/4. Piga hilo kwa makofi mpaka likae, kisha jaribu solo juu yake ukishika mikazo ya mistari tu. Neno lolote lenye alama za Morse litakupa mdundo wako mwenyewe.

Kwa nyimbo zinazobadilisha vipimo, mfano 7/8 mara tatu kisha 4/4, usihesabu jumla. Tunga kifungu kimoja kifupi kisichobadilika, ukipige kila kipimo cha 4/4 kinapofika, na sehemu nyingine ziwe huru. Kifungu hicho kinakuwa alama yako, na cha bendi pia.

Kumbuka pia kwamba si lazima solo ikae ndani ya witiri. Money, wimbo wa bendi ya Pink Floyd wa mwaka 1973, inakwenda 7/4 na solo ya saksafoni imo ndani ya saba, lakini gitaa la David Gilmour linapoingia, bendi inahamia 4/4. Kama solo yako inahitaji nafasi ya kupumua kuliko saba inavyoruhusu, waombe wenzako wahame.

Ukipotea mbele ya watu

Mwombe mpiga ngoma, angalau katika mazoezi, apige haihati (sahani mbili zinazogongana) kila thumni na ngoma kubwa kwenye vichwa vya mafungu. Besi na ngoma wabaki na mgawanyo mmoja wakati wa solo. Mmoja akigeuza 2+2+3 kuwa 3+2+2 bila makubaliano, wote mtateleza.

Na ukipotea, usikimbizane na bendi kwa noti nyingi. Kila noti unayoongeza inaficha ngoma unayoitafuta. Shika noti moja inayokubaliana na kodi, E au B, iache ilie huku ukisikiliza besi. Fungu la 3 ndilo rahisi kulitambua kwa sababu ndilo refu. Katika 2+2+3, likipita, pigo la 1 ndilo linalofuata. Kata noti ndefu hapo, vuta pumzi kipimo kimoja kizima, uingie upya na fungu la 3 linalofuata.